Upanga ule ulikua wa nani? Vita ya Ufaransa na Prussia, 1870 mpaka 1871

Kijana mmoja wa fomu siksi yuko Morogoro kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Kwenye notisi zetu vita ya Ufaransa na Prussia sababu imeandikwa telegramu ya Ems, matokeo kuungana kwa Ujerumani, basi. Sasa najiuliza, meseji moja inaanzishaje vita? Na kama mfalme wa Ufaransa alikamatwa Septemba 1870 mbona vita iliendelea mpaka mwaka uliofuata? Halafu huyo Napoleon si alishakufa kisiwani?"

Marahaba mwanangu. Nianze na la mwisho maana ndo jepesi. Aliyefia kisiwani St. Helena 1821 ni Napoleon wa kwanza. Huyu wa kwako ni wa tatu, Louis-Napoleon, mtoto wa mdogo wake yule. Alichaguliwa rais 1848, mwisho wa 1851 akapindua serikali yake mwenyewe, mwaka uliofuata akajivika ukaizari. Kufika 1870 alikua mzee wa miaka 62 mwenye mawe kwenye kibofu, kupanda farasi kwake ilikua adhabu. Hilo la kibofu usilidharau, tutalirudia.

Sasa la telegramu. Kwanza ondoa kichwani wazo kwamba kulikua na nchi inaitwa Ujerumani. Kulikua na vinchi vingi, na kubwa kuliko zote ilikua Prussia ya mfalme Wilhelm wa kwanza na waziri wake mkuu Otto von Bismarck. 1866 Prussia ilimpiga Austria ndani ya wiki saba tu, pigano kubwa likawa pale Sadowa, ikavikusanya vinchi vya kaskazini kuwa shirikisho moja. Vikabaki vya kusini, Bavaria, Württemberg, Baden na sehemu ya Hesse, ambavyo havikumpenda sana Prussia ila vilisaini naye mikataba ya siri ya kulindana. Ufaransa ilikua imezoea kuona jirani wa mashariki kagawanyika vipande vipande, ghafla anaona kuna jitu linaota mlangoni kwake. Paris watu wakawa wanasema tulipe kisasi cha Sadowa, utafikiri wao ndo walipigwa kule.

Cheche ikatokea Hispania. Huko walimfukuza malkia wao Isabella 1868, wakawa wanazunguka Ulaya kutafuta mfalme kama mtu anayetafuta mpangaji. Wakamfuata Leopold, mwanaukoo wa Hohenzollern, ukoo uleule wa mfalme wa Prussia ila tawi la Wakatoliki. Bismarck akasukuma chini kwa chini. Mwanzoni mwa Julai 1870 siri ikavuja na Ufaransa ikapandwa na mori, maana ingekua na Hohenzollern mashariki na Hohenzollern kusini. Tarehe 6 Julai waziri wao wa mambo ya nje, Gramont, akasimama bungeni akaongea maneno makali. Na ikafanya kazi! Tarehe 12 baba yake Leopold akatangaza kwamba mwanae amejitoa.

Hapa ndo pa kuandika kwenye notisi zako kwa wino mwekundu: tarehe 12 Julai Ufaransa ilikua imeshashinda. Bila risasi hata moja. Bismarck mwenyewe alifikiria kujiuzulu. Ila Gramont na wenzake hawakuridhika, wakataka mfalme Wilhelm mwenyewe atoe ahadi kwamba hataruhusu tena jambo hilo, milele. Yaani mtu kashakuomba radhi halafu unamwambia piga na magoti.

Basi tarehe 13 asubuhi Wilhelm, mzee wa miaka 73, yuko Ems, mji wa maji ya tiba, anatembea zake kwenye bustani. Balozi wa Ufaransa, Benedetti, anamfuata palepale kwenye matembezi na kumpa dai hilo. Mzee anamjibu kwa adabu ila kwa mkazo kwamba ahadi ya milele hawezi kutoa. Baadae siku hiyohiyo akapata barua ya kuthibitisha kwamba Leopold kajitoa, akamtuma msaidizi wake amwambie balozi: habari nimezithibitisha, kwa hiyo sina la zaidi la kusema. Karani wake Abeken akaandika yote hayo kwenye telegramu kwenda Berlin kwa Bismarck, na huyo Bismarck akaambiwa ukiona vyema peleka magazetini.

Bismarck alikua mezani anakula na Roon, waziri wa vita, na Moltke, mkuu wa majeshi. Kwa maelezo yake mwenyewe ya uzeeni (na mzee alipenda kujisifu, kwa hiyo punguza kidogo), wenzake waliposikia telegramu walikosa hata hamu ya kula. Akachukua penseli. Hakuongeza uongo, watu wengi wanakosea hapo, yeye alikata tu. Alikata ile habari ya barua ya uthibitisho, alikata sababu, akabakiza kwamba balozi alidai ahadi ya milele na hapo mfalme akakataa kumpokea tena, akamtuma msaidizi wa zamu kumwambia hana la zaidi la kumwambia. Ni kama umeandikiwa "nimeshakuelewa ndugu, basi hatuna haja ya kuonana tena kwa hilo" halafu mtu akakata skrinshoti pakabaki "hatuna haja ya kuonana tena". Jioni ileile ikawa mitaani Berlin. Na ilipofika Paris neno la msaidizi wa mfalme, ambaye ni ofisa wa heshima, likabaki vilevile "adjudant", ambalo kwa Kifaransa ni cheo cha chini chini huko, kwa hiyo ikasomeka balozi wetu kafukuzwa kwa kutumiwa sajenti. Wajerumani wakaona mfalme wao mzee kasumbuliwa bustanini, Wafaransa wakaona balozi wao kadhalilishwa, watu wakajaa barabarani Paris wanapiga kelele "Berlin! Berlin!". Tarehe 19 Julai Ufaransa ndo iliyotangaza vita, na Bismarck ndicho alichokitaka, maana yeye aliyeshambuliwa ndo mikataba ya kusini inamlinda.

Kwa hiyo meseji ilianzisha vita? Ilianzisha kwa sababu pande zote mbili kulikua na watu walioitaka, na aliyekua na kichwa kilichotulia zaidi ndo alichagua siku. Marshali Leboeuf, waziri wa vita wa Ufaransa, alishawahakikishia kwamba jeshi liko tayari mpaka kifungo cha mwisho. Waziri mkuu Ollivier akasema anaupokea mzigo huo kwa moyo mwepesi, maneno yaliyomfuata mpaka kaburini. Na marafiki hawakuwepo. Austria bado anauguza vidonda vya 1866, Italia ina kinyongo kwa kua askari wa Ufaransa walikua wanamlinda Papa Roma, Urusi ilikua haijasahau vita ya Crimea, ambayo Ufaransa ilikua upande uliompiga. Uingereza je? Bismarck alikua ametunza kabatini karatasi ya mwaka 1866, mwandiko wa Benedetti yuleyule, inayoonyesha Ufaransa ilitaka kuimeza Ubelgiji. Tarehe 25 Julai ikatokea kwenye gazeti la The Times, London. Waingereza wakakaa pembeni.

Vita yenyewe mwanzoni ilikua mambo ya reli. Moltke alikua amepanga ratiba za treni miaka kabla, kila kikosi kinajua kipande kipi cha reli na siku ipi, ndani ya kama wiki mbili na nusu wakaita watu zaidi ya milioni na kuweka zaidi ya 400,000 mpakani. Wafaransa walikusanya kama 250,000 na kwa fujo, askari wa kaskazini anaenda kuchukua vifaa kusini halafu anarudi kutafuta kikosi chake. Kuna jenerali alifika Belfort akapiga telegramu Paris kwamba amefika, brigedi yake haioni, mkuu wake haonekani, afanyeje, hajui vikosi vyake viko wapi. Jenerali! Na ramani walizogawiwa nyingi zilikua za Ujerumani, wakati mapigano yalikuja kua nyumbani kwao.

Ukisema Wafaransa walikua na silaha mbovu utakua umekosea nusu. Bunduki yao, Chassepot, ilikua inapiga mbali karibu mara mbili ya ile ya Prussia. Tarehe 18 Agosti pale Gravelotte na Saint-Privat walinzi wa mfalme wa Prussia walipanda mteremko wazi bila kificho wakapoteza watu kama 8,000, wengi wao ndani ya dakika chache mno. Ila mizinga ilikua habari nyingine. Prussia ilikua na mizinga ya chuma cha pua ya Krupp inayojazwa kwa nyuma, Ufaransa ya shaba inayojazwa mdomoni, hivyo wale wanakaa mbali kabisa na bunduki yako na kukuponda taratibu.

Agosti nzima ni kupigwa: Wissembourg tarehe 4, ambako askari wa Algeria walipigana sana upande wa Ufaransa, Wörth na Spicheren tarehe 6, Mars-la-Tour tarehe 16. Baada ya Gravelotte Marshali Bazaine akajirudisha ndani ya ngome ya Metz na jeshi zuri kuliko yote ya Ufaransa, mlango ukafungwa nyuma yake. Marshali MacMahon akatumwa kwenda kumkomboa, na kaizari mgonjwa akiwa kwenye msafara kama mzigo, maana Paris mkewe Eugénie alikua amemwambia ukirudi umeshindwa kutakua na mapinduzi. Moltke akamzungukia MacMahon, akamsukuma mpaka Sedan, mji mdogo ndani ya bonde karibu na mpaka wa Ubelgiji, vilima pande zote. Jenerali Ducrot aliangalia ramani usiku ule akasema tuko ndani ya chungu cha kukojolea na humu ndimo watakamotunyea. Samahani kwa lugha, ila ndivyo alivyosema na hakuna aliyeieleza Sedan vizuri zaidi.

Asubuhi ya tarehe 1 Septemba MacMahon akajeruhiwa mapema kabisa. Akamkabidhi Ducrot. Ducrot akatoa amri turudi magharibi kabla tundu halijaziba. Vikosi vikaanza kugeuka. Hapo akatokea Jenerali Wimpffen, aliyekua ametoka Algeria siku mbili tatu tu zilizopita, akatoa barua mfukoni kutoka kwa waziri wa vita inayosema MacMahon akianguka mkuu ni mimi. Akafuta amri ya Ducrot, akasema tunapigana hapahapa. Makamanda watatu kabla hata ya saa nne asubuhi! Mchana tundu likaziba. Kaizari alizunguka juu ya farasi na mawe yake kibofuni, watu waliomwona walisema anatafuta risasi na risasi haimpati, mwisho akaamuru bendera nyeupe ipandishwe. Akamwandikia Wilhelm kwamba kwa kua hakujaliwa kufa katikati ya askari wake, kilichobaki ni kuuweka upanga wake mikononi mwa mfalme.

Sasa tulia hapa kijana, maana swali lako la pili jibu lake liko kwenye chumba kimoja pale Donchery, kijiji jirani na Sedan, usiku huo. Mezani wako Moltke na Bismarck, upande wa pili Wimpffen na Jenerali Castelnau aliyemwakilisha kaizari. Castelnau akaomba masharti yalegezwe kwa kua kaizari katoa upanga. Bismarck akauliza: huu upanga ni wa nani, wa Ufaransa au wa kaizari? Kama ni wa Ufaransa, yaani kaizari anasaini amani, basi masharti yanabadilika. Castelnau akajibu ni wa kaizari peke yake. Moltke akadaka hapohapo, basi hakuna kinachobadilika. Asubuhi kaizari akatoka na kigari kumtafuta Wilhelm aongee naye, akakutana na Bismarck njiani, wakakaa kwenye kijumba cha mfumaji wa nguo, na alipoulizwa habari ya amani akasema yeye sasa ni mateka, hayo waulizeni serikali iliyoko Paris. Jeshi likajisalimisha, zaidi ya watu 100,000 wakawa mateka.

Ndo hivyo. Walimkamata mtu, nchi hawakuikamata. Na siku mbili baadae, tarehe 4 Septemba, hiyo serikali ya Paris ikafutika, umati ukavamia bunge, mbunge Gambetta na wenzake wakatangaza jamhuri, Eugénie akatoroka kwa msaada wa daktari wake wa meno, Mmarekani mmoja anaitwa Evans. Wengi walidhani amani inakuja sasa, maana aliyetangaza vita kaondoka. Ila waziri mpya wa mambo ya nje, Jules Favre, akatamka kwamba hawatatoa hata inchi moja ya ardhi wala jiwe moja la ngome zao, na Bismarck alipoonana naye pale Ferrières akaitaka Strasbourg, mji wa Ufaransa wa mashariki. Unaona tatizo? Mmoja ana masharti ila hana wa kusaini, mwingine ana kalamu ila hawezi kurudi kwa watu wake na karatasi ile. Bismarck akafika hadi kujaribu kuongea na watu wa Bazaine kule Metz na Eugénie aliyeko Uingereza, ili apate tu mtu wa kuweka sahihi. Haikuzaa kitu.

Paris ikazingirwa kuanzia 19 Septemba. Tarehe 7 Oktoba Gambetta akapanda puto pale Montmartre, akapita juu ya vichwa vya Wajerumani, akatua mbali akaenda Tours kuanzisha majeshi mapya toka sifuri. Maputo zaidi ya 60 yalitoka Paris na mifuko ya barua, moja upepo ukaliburuza likaenda kutua Norway. Kurudisha majibu wakatumia njiwa, kurasa za barua zinapigwa picha na kupunguzwa mpaka zinaingia kwenye kifilamu kidogo kinachofungwa mkiani, zikifika zinakuzwa ukutani kwa taa na makarani wanakaa wananakili. Chakula kilipoisha walikula farasi, halafu paka, mbwa na panya, mwisho wa Desemba wakachinja hata tembo wawili wa bustani ya wanyama, Castor na Pollux. Nyama ya tembo ilikula matajiri, masikini foleni ya mkate kwenye theluji.

Majeshi ya Gambetta yalijitahidi kuliko watu wanavyoyapa sifa. Walishinda Coulmiers tarehe 9 Novemba, hata mzee Garibaldi alikuja toka Italia kuwapigania. Ila Metz ilikua imeshasalimu amri 27 Oktoba, Bazaine akatoa watu zaidi ya 150,000, na jeshi zima la Prussia lililokua linalinda pale likaachiwa kwenda kuwakabili hao vijana wa wiki tatu za mazoezi. (Bazaine alikuja kuhukumiwa kifo 1873, ikapunguzwa kua kifungo, mwaka uliofuata akatoroka gerezani kisiwani.) Jeshi la mashariki, la Bourbaki, liliishia kuvuka mpaka kuingia Uswisi mwanzoni mwa Februari, watu zaidi ya 80,000 wanatupa bunduki kwenye theluji.

Wakati Paris inanyeshewa makombora, tarehe 18 Januari 1871, Wajerumani wakakusanyika Versailles kwenye Ukumbi wa Vioo, wakamtangaza Wilhelm kua kaizari wa Ujerumani yote, kusini na kaskazini. Ile pointi yako ya "kuungana" ndo hii, ila jua mzee siku hiyo alikua kanuna. Yeye alitaka aitwe Kaizari wa Ujerumani, Bismarck akang'ang'ania Kaizari wa Kijerumani ili wale wa kusini wasione wamemezwa, mtawala wa Baden akamaliza ubishi kwa kupiga kelele "Kaizari Wilhelm" tu, na mzee akashuka jukwaani bila kumpa Bismarck mkono. Huyu Wilhelm ndo huyohuyo aliyemsainia Carl Peters karatasi ya ulinzi tarehe 27 Februari 1885, juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Ukami ndo huko ulikokaa unasoma, kwa hiyo Versailles si mbali na Morogoro kama notisi zinavyofanya ionekane.

Kumalizika kwenyewe kulikua kwa njaa. Tarehe 28 Januari Favre akasaini kusitisha mapigano, na sharti kubwa la Bismarck linakuonyesha alikua na shida gani muda wote: fanyeni uchaguzi, nipate bunge la kuongea nalo. Uchaguzi ukafanyika 8 Februari, Gambetta aliyetaka kuendelea alishajiuzulu, vijijini wakachagua watu wa amani na Thiers akawa mkuu wa serikali. Mkataba wa mwisho ulisainiwa Frankfurt 10 Mei 1871, Ufaransa ikatoa Alsace na kipande cha Lorraine na fidia ya faranga bilioni 5. Katikati hapo Paris yenyewe ilikua imeasi na kuunda serikali yake, Komuni, ikaja kuzimwa kwa damu nyingi mwishoni mwa Mei na jeshi la Wafaransa wenyewe huku Wajerumani wanaangalia toka kwenye ngome za nje. Hiyo ni mada yake, ukitaka niulize tena.

Kwenye vita yenyewe walikufa Wafaransa kama 139,000 na Wajerumani kama 45,000, na ndui iliua sana upande wa Ufaransa kwa sababu jeshi la Prussia lilichanjwa na lao chanjo ilikua holela. Wajerumani walikaa ndani ya Ufaransa kama dhamana ya deni mpaka ilipolipwa yote, mapema kuliko ilivyotegemewa, askari wa mwisho akatoka Septemba 1873. Mfalme wako aliyekamatwa hakuiona siku hiyo. Walimwachia Machi 1871, akaenda kuishi Chislehurst, Uingereza, akafa tarehe 9 Januari 1873 wakati madaktari wanahangaika kumtoa yale mawe.